Ziacheni Kadi za Zamani Ziendelee Kuugua

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kompyuta,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa msomaji wako, ambaye mpaka hivi karibuni alikuwa akilifungua gazeti lako kwa furaha na kulifunga kwa furaha. Natumaini wewe u mzima, wachapaji wako ni wazima, na mitambo yenu haijambo. Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimeolewa juzijuzi tu, na mwanaume aliyenioa, nikianza kumweleza, barua hii haitafika kwenye malalamiko. Kwa hiyo nitajizuia. Nitamtaja pale tu inapobidi.

Uniwie radhi kwa karatasi hii yenye maua ya waridi pembeni na njiwa wawili juu. Ni mabaki ya zile tulizotumia kuwaalika watu harusini. Mume wangu (hapa imebidi) alisema tusizitupe, tutakuja kuziandikia mambo mazito. Jambo hili ni zito.

Barua inahusu makala yenu yenye kichwa "Kadi Yako ya Mtandao ya Zamani Bado Ina Uhai", iliyoandikwa na mtu anayejiita Fundi Mkimya. Nimeisoma nikiwa nimekaa, nimeisoma nikiwa nimesimama, na mara moja nimeisoma nikiwa nimeishika karibu sana na moto wa jiko. Sikuichoma, kwa sababu nilijua nitaihitaji kama ushahidi.

Kabla sijafika mbali, nieleze hali ilivyo. Ofisini kwetu tunakodisha viti, meza na maturubai ya sherehe. Mimi niko mapokezi. Mtu akija kukodi viti, naandika mahitaji yake kwenye kompyuta yangu, na mtu wa ghala, ng'ambo ya uwanja, anayaona kwenye kompyuta yake na kuanza kuvipakia. Mawasiliano hayo yote hupita kwenye kadi ya mtandao, kijibao chembamba kilichochomekwa ndani ya kompyuta, chenye tundu la waya kwa nyuma na kitaa cha kijani. Taa ikiwaka, ghala inanisikia. Ikizima, nainuka, nafungua dirisha na kupiga kelele kama muuza maziwa.

Mwaka jana Bosi aliweka mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta zote. Mfumo ukafanya kazi vizuri, ila kadi yangu ukaikataa. Kadi ni ya zamani, mfumo ni wa juzi. Uliitazama kama maharusi wanavyomtazama mtu aliyekuja bila mwaliko na amekaa meza ya mbele. Ndipo akaitwa fundi. Na fundi huyo, Ndugu Mhariri, sasa ndiye mume wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba makala yenu imeiponya kadi yangu bila mimi kuulizwa.

Siku ya kwanza alikuja na begi begani, akasalimia kwa sauti ndogo, akapiga magoti chini ya meza yangu, akabana tochi kwa meno na kufungua ubavu wa kompyuta. Nilikuwa naona soli za viatu vyake tu. Zilikuwa zimelika upande wa nje, na moyoni nikasema, masikini, huyu anatembea sana na hana mtu wa kumwambia akae. Kisha sauti ikatoka huko chini: "Dada, una raba?"

Nilimpa raba yangu ya penseli, ile yenye rangi mbili, niliyokuwa nayo tangu sekondari. Akachomoa kadi, akaishika kwa kingo, akaanza kuyasugua meno yake ya dhahabu, yale yanayochomekwa ndani ya kompyuta, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, huku akiyapuliza. Ndugu Mhariri, sijawahi kumwona mwanaume akisafisha meno ya kitu ambacho si chake kwa upole ule. Aliporudisha kila kitu mahali pake akaligonga boksi la kompyuta mara mbili kwa kidole, akasema, "Haya bibi, amka." Taa ikawaka. Yangu pia, lakini hiyo haikuonekana.

Nikamuuliza, "Itazima tena?"

Akasema, "Hizi za zamani haziahidi mtu."

Ilizima wiki hiyohiyo. Ikawa ndiyo tabia yake: inafanya kazi siku mbili tatu, halafu inalala, na mimi naenda kumwarifu Bosi kwa uso wa huzuni niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo cha chooni. Bosi alikuwa anagomba, "Huyu fundi gani asiyemaliza kazi?" Mimi nilikuwa namtetea: "Bosi, kadi ni mzee. Mzee huwezi kumharakisha." Na hata posa yangu nililetewa kwa njia hiyo. Alikuwa chini ya meza, taa imekataa kuwaka, akasema, "Ukikubali nikuoe, kadi hii nitaiangalia maisha yangu yote."

Nikasema, "Na nikikataa?"

Akasema, "Nitaiangalia vilevile, ila kwa huzuni."

Nilikubali, taa ikawaka, na Bosi akapiga makofi akidhani tunashangilia mtandao.

Baada ya harusi tukawa na utaratibu. Asubuhi wateja ni wengi na kadi inafanya kazi. Mchana wateja wakipungua, mfumo unaona kadi imekaa bure, unaizima ili kubana umeme, na ikishalala haijui kuamka. Basi mume wangu anaitwa. Anakuja, anaiamsha, kisha tunakula pamoja kwenye hotpoti moja nyuma ya viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka dari. Anaondoka, nami naendelea na kazi nikitabasamu kwa kila mteja, hata wale wa maturubai ya msiba. Hakuna aliyekuwa anaumia.

Ndipo ikatoka makala yenu. Bosi alikuja nayo asubuhi, akavuta kiti changu, akavaa miwani na kuisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, kama mtu anayesoma hukumu. Akafika pale mlipoandika kwamba kwenye mipangilio ya kompyuta kuna kisanduku kidogo chenye alama ya vema, kinachouruhusu mfumo kuizima kadi, na kwamba alama hiyo iondolewe. Akaiondoa. Kwa kidole kimoja! Tangu siku hiyo taa haijazima. Inawaka asubuhi, inawaka mchana, inawaka nikila peke yangu. Inanitazama.

2. Kwamba mwandishi wenu ni mwizi.

Neno hili ni zito na nimelipima. Makala ile, kuanzia juu hadi chini, ni kazi ya mume wangu. Mume wangu husema usisome jina lililoandikwa kwenye boksi la kadi, soma herufi zilizochapwa kwenye chipu yenyewe, kwa tochi. Mwandishi wenu kaandika hivyohivyo. Mume wangu husema kwamba draiva, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kuzungumza na kadi, ikiwa haipatikani tena, tumia ya kadi dada yenye chipu ileile. Mwandishi wenu anasema "kadi dada" pia. Mume wangu husema mfumo ukijitolea kukutafutia draiva, ukatae kwa adabu, uchague mwenyewe. Mwandishi wenu naye ana adabu hiyohiyo, ya kuiba.

Na hapo nisingepiga kelele. Lakini tazama mlichochapa kuhusu kusafisha meno ya kadi: "Tumia raba ya penseli yenye rangi mbili, upande wa waridi, hata ikiwa imeng'atwa pembe, inafaa." Ndugu Mhariri, imeng'atwa pembe! Raba hiyo niliing'ata mimi, katika mtihani wa jiografia, nilipoulizwa kuhusu mito. Duniani tunaoijua pembe hiyo ni mimi na mume wangu. Na mwisho kabisa anawaambia wasomaji waligonge boksi mara mbili "kwa heshima". Ni dhahiri kwamba huyu Fundi Mkimya aliwahi kujificha ofisini kwetu, pengine nyuma ya viti vya plastiki, akamchungulia mume wangu akiwa kazini. Na kama alijificha hapo wakati wa chakula cha mchana, basi ameona na mengine, na naomba aniombe radhi kwa maandishi.

Mume wangu mwenyewe hana kinyongo, na hilo ndilo linaloniliza. Nilimsomea makala yote mezani, kila mstari nikimuonyesha ulipoibwa. Alikohoa, akanywa maji, akasema, "Labda mtu huyo alikuwa na sababu zake." Nikamwambia, "Mume wangu, wewe ni mwema mno, watu watakuibia mpaka kope." Akasema hilo linawezekana.

3. Kwamba makala inafundisha watu ukatili.

Nanukuu: "Ukifuata hatua hizi, hutahitaji kumsubiri mtu." Nani amewaambia kwamba watu hawataki kusubiri? Mimi nilisubiri. Nilikuwa nasikia hatua zake kwenye kokoto za uwanjani, namjua kwa namna anavyokanyaga, nafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Mtu aliyeandika sentensi ile hajawahi kupendwa. Namwona kabisa: mwanaume mpweke, ana kikombe kimoja, anakula amesimama, na jioni anazungumza na waya. Kama mna picha yake, nitumieni, nione kama nimekosea.

4. Na hili ndilo kubwa, mengine yote yalikuwa ya kulizunguka: kwamba mume wangu anahamishwa.

Kampuni anayofanyia kazi ina tawi kule mwisho wa barabara ya lami, ambako basi likifika linageuza kwa sababu mbele hakuna pa kwenda. Mkurugenzi wao, ambaye mafundi wanamwita Mzee Haraka, amesema mume wangu aende akaishi huko. Atakuwa anarudi kuniona mwisho wa mwezi, mvua ikiruhusu. Aliniambia siku chache baada ya makala yenu kutoka, akiwa ameshika pindo la pazia tulilokuwa tunalitundika. Pazia mpaka leo limetundikwa nusu.

Sihitaji kuelezwa sababu. Kadi za mtaa huu zimepona zote, mafundi wamebaki wanatazamana, na asiye na kazi hapa lazima apelekwe kule. Mume wangu alianza kunieleza jambo fulani kuhusu hilo tawi, lakini nilikuwa nalia, na nikilia huwa sisikii vizuri. Alijaribu mara ya pili. Mara ya tatu akaacha, akaenda kuosha vyombo.

Ndugu Mhariri, naomba ufikirie nyumba yetu. Ni chumba na sebule. Godoro bado lina nailoni upande wa miguuni, kwa sababu tunapenda inavyolia tukigeuka. Tuna vikombe viwili tulivyopewa na mama mkwe, na kimoja hakiwezi kukaa kabatini peke yake bila kuonekana kama kimefiwa. Mama mkwe alikuja kunibembeleza. Akasema, "Mwanangu, mume si kadi ya mtandao, hukai naye umemchomeka ukutani." Nikamwambia, "Mama, mimi sitaki kumchomeka, nataka tu taa yake niione." Akavuta upande wa pili wa pazia, likamshinda naye.

5. Kwamba hatari hii si yangu peke yangu.

Nimekaa nikafikiria. Gazeti lenu linasomwa na watu wengi. Katika kila ofisi iliyo na kadi ya zamani na mfumo mpya kuna mtu anayeita fundi, na katika mafundi hao wapo ambao hawajaoa. Sasa kadi zote zikipona kwa mpigo, mabinti wa mapokezi watawaona wapi? Kijana atapitaje mlangoni bila kuitwa? Atasema amekuja kufanya nini? Harusi zitapungua. Harusi zikipungua, hakuna wa kukodi viti wala maturubai, na Bosi wangu, aliyeondoa alama ile kwa kidole chake mwenyewe, atafunga duka. Nilimweleza hesabu hiyo. Akasema, "Binti, nenda kapange viti." Hakuna anayetaka kutazama mbele.

Kutokana na hayo, ninaomba yafuatayo, na ninaomba kwa heshima zote:

(a) Mchape masahihisho, kwa herufi kubwa, yanayosema makala ile ilikuwa na makosa na kwamba kadi za zamani hazina dawa.

(b) Ikiwa dhamiri yenu haitawaruhusu kusema uongo mkubwa, basi semeni mdogo. Waambieni watumie upande wa buluu wa raba. Upande huo ni wa kufutia wino, unakwaruza. Kadi zitakazougua hapo zitatosha.

(c) Muwaandikie watengenezaji wa mfumo endeshi kwamba mfumo wenye malezi mema hautambui kila kitu unachokutana nacho. Hata mimi sikumtambua mume wangu siku ya kwanza. Nilimwita "wewe fundi". Kutambuana kunahitaji mtu wa katikati, na mtu huyo ana begi na tochi.

(d) Kila ofisi itakiwe kutunza walau kadi moja mgonjwa. Iwe mahali panapoonekana, karibu na mapokezi.

(e) Na ikiwa ni lazima kabisa mtu apelekwe kule mwisho wa lami, basi apelekwe huyo Fundi Mkimya. Kosa ni lake. Hana mke wa kumlilia, hana pazia lililobaki nusu. Mchukueni, mpandisheni basi asubuhi, na msimpe tiketi ya kurudi. Nitafurahi kumpungia mkono.

Namalizia kwa kukushukuru kwa muda wako na uvumilivu wako. Wasalimie wote hapo ofisini kwako, mwandishi wa nyota, mwandishi wa mapishi, na mzee anayetunga mafumbo ya maneno, ambaye hajanikosea kitu. Bosi anakusalimu bila kujua nakuandikia nini. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kama mna makala kuhusu mapazia.

Nabaki kuwa msomaji wako, mwenye majonzi ila mwenye furaha kubwa ya ndoa,

Bi Harusi wa Mapokezi,
Viti na Maturubai.

Nyongeza:

Tafadhali usichape barua hii. Tafadhali pia usiitupe, kwa sababu ya njiwa.

Jana nilipofika kwenye jina langu nilienda kutoa nguo kwenye kamba, na niliporudi nikamkuta mume wangu ameketi na kurasa zangu mkononi. Alikuwa amefika kwenye ombi la (e). Hakucheka. Akasema, "Mke wangu, unataka nihamishwe mara mbili?"

Sikuelewa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa raba, ile yenyewe, na kuiweka mezani pembe iliyong'atwa ikiwa imenielekea. Ndugu Mhariri, nadhani wewe ulikuwa umeshaelewa tangu namba mbili. Mimi ilibidi nikae chini.

Habari ya kuhamishwa aliijua tangu kabla ya harusi. Ofisi za kule mwisho wa lami zimejaa kompyuta za zamani, na tangu ziwekewe mfumo mpya, kadi zilikuwa zinagoma moja baada ya nyingine na simu haziishi. Ndiyo maana Mzee Haraka aliamua fundi mmoja akaishi hukohuko. Mume wangu hakutaka kuniambia nikiwa najipima gauni. Akakaa akajiuliza, fundi wa nini kule ikiwa watu wa kule wanajua kujitengenezea? Akawaandikieni ninyi, kwa jina la bandia, maana Mzee Haraka akijua kwamba fundi wake anawafundisha wateja wajitegemee, atamfukuza. Hayo ndiyo aliyokuwa anajaribu kunieleza kila nilipokuwa nalia. Na jana ndiyo alikuwa amepata jibu. Kule wamelisoma gazeti, wamesugua meno ya kadi zao zote, wamegonga maboksi kwa heshima, na wamepiga simu kusema hawana shida tena ya fundi. Mzee Haraka kasema basi, abaki hapahapa.

Kwa hiyo ombi la (a) lifute. La (b) lifute haraka zaidi, upande wa buluu usitajwe kabisa. La (c) na (d) sikuwa na akili timamu. La (e) lichane vipande. Badala yake naomba makala ichapwe tena, kwa herufi kubwa zaidi, na yale magazeti yanayokwenda mwisho wa lami yaongezwe, asije akatokea mtu huko ambaye hakusoma. Namba tatu nilikosea pia. Ana vikombe viwili.

Nilimuuliza jambo moja tu: kile kisanduku chenye alama ya vema, alikijua tangu lini? Akasema tangu siku ya kwanza. Kwenye kompyuta zote za mtaa huu alikuwa ameiondoa alama hiyo mara moja, kasoro yangu. Nilimpiga kwa mto.

Basi usiku tukamaliza kulitundika pazia, na leo nikaja kazini nikijua kwamba, hata kama hahamishwi, hana tena sababu ya kufika hapa mchana. Kadi imepona, taa inawaka, na siwezi kuilaumu. Nilikuwa nimeanza kufungua hotpoti yangu peke yangu niliposikia kokoto za uwanjani.

Aliingia mikono mitupu, bila begi, bila tochi. Bosi alimtazama juu ya miwani, akamuuliza, "Fundi, nani kakuita? Leo umekuja kutengeneza nini?"

Akasema, "Hakuna kilichoharibika, Bosi. Nimekuja kula."